Vyambo Vilivyobaki Shambani Siku ya Kilio

Jumatatu ya pili ya mwezi wa kumi, mwaka jana, nilipoteza mbwa dume wa marehemu mume wangu. Alikufa mchana, nyuma ya jiko, kabla wanawake hawajarudi kutoka makaburini.

Nimeanza na hilo kwa sababu hapa kwetu watu wanaona aibu kuzungumza habari ya mbwa kama habari ya mtu. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, nikaolewa. Sijui kupamba maneno. Nitaandika yaliyotokea, na nililofanya vibaya nitaliandika vilevile.

Tunaishi kando ya barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare. Mume wangu alikuwa mkulima, na wakati wa kiangazi alikuwa mwindaji wa nyavu. Mbwa yule alimtoa kijiji cha Wamaza akiwa hajaacha vizuri kunyonya. Alimleta ndani ya kikapu nyuma ya baiskeli, siku mbili njiani, akimlisha uji kwa kidole. Alipokua akamchongea kengele ya mti. Wakienda porini walikuwa wanaijaza majani makavu ili isilie, na nyavu zikishatandazwa wanayatoa, ndipo mbwa anaachiwa. Mimi nilikuwa naisikia kengele ile kutoka shambani, najua wako bonde gani.

Mume wangu alipofariki, mzee mmoja wa kijijini, mwindaji mwenzake, alikuja kuwaomba mbwa wetu wawili, dume na binti yake.

"Mwanamuke na mbwa ya nyavu," aliniambia. "Weye utawinda nini?"

"Nyani," nikamjibu.

Alicheka, lakini sikutania. Shamba langu liko bondeni, karibu na msitu. Kabla mbwa hawajaanza kwenda nami, nyani walikuwa wanang'oa kalanga zetu mstari kwa mstari kama watu waliotumwa. Nina watoto watatu na shamba moja. Wale mbwa wawili ndio waliotuvunia kalanga za mwaka ule wa kwanza wa ujane wangu. Sitaki mtu afikiri niliwaweka kwa ukumbusho tu.

Jumatatu ile tulikuwa tunazika mama mmoja wa upande wa kanisani. Alikuwa amefariki Jumapili alfajiri. Desturi yetu ni moja kwa Wakristo na kwa Waislamu: maiti ikiwa bado kijijini, hakuna mtu anayeshika jembe. Njia ya shambani inafungwa. Anayepita, wanasema anapeleka kifo ndani ya mbegu. Basi tangu Jumapili nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wenzangu, na mbwa wangu walikuwa huru.

Jumatatu watu walipobeba jeneza, mimi nilirudi nyumbani kuchukua sufuria kubwa ya kupikia wageni. Nikamkuta dume nyuma ya jiko, miguu imekakamaa, povu mdomoni, macho yananitazama. Nilimfungua taya nikamtia mafuta ya mawese, kama tunavyomfanyia mbuzi aliyekula majani ya muhogo mchungu. Yalirudi yote. Nilikaa chini naye. Haikuchukua muda.

Nilimfunika kwa gunia, nikabeba sufuria, nikarudi kilioni. Mtu hamlilii mbwa kwenye kilio cha mtu. Lakini nilipoketi kwenye mkeka machozi yalinishinda, na mama mmoja akanishika bega akasema, "Pole, mama, tunajua mulipendana naye." Alisema juu ya marehemu. Sikumsahihisha.

Mbwa wangu alikuwa wa nne. Wa kwanza alikuwa wa mwalimu wa shule ya msingi, halafu wawili wa yule mwindaji mzee kwa siku moja. Yote ndani ya majuma matano. Wote kwa povu lile lile. Kesho yake jioni wenye mbwa tulikutana kwenye baraza la mwindaji. Mwanamke nilikuwa peke yangu.

"Tuulizane," mwindaji akasema. "Ndani ya kijiji hii, nani hapendi mbwa?"

"Mbuzi," mwalimu akajibu.

"Mwalimu, sicheki! Mbwa yangu mbili! Ile mukubwa ilikuwa inasikia nguruwe kabla nguruwe hajajisikia mwenyewe!"

Watu walicheka hata hivyo, naye akawaacha wacheke, kisha akarudia swali lake. Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yangu, anakaa Muislamu mmoja mwenye duka dogo la chumvi, sabuni na betri. Mume wangu na yeye waliitana kaka, kwa hiyo mimi ni shemeji yake. Miezi michache kabla ya hapo, dume wangu alikwenda kunywa maji ndani ya birika yake ya kutawadhia. Kwao mdomo wa mbwa unanajisi chombo, lazima kioshwe mara saba, na mara moja kwa udongo. Aliiosha mbele yangu akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Alipofika ya saba akafuta jasho na kusema, "Shemeji, siku moja huyu nitamutafutia dawa, mikono yangu imechoka." Alikuwa anacheka. Mimi pia nilicheka.

Kwenye baraza la mwindaji nilisema, "Jirani yangu aliwahi kuniambia atamtafutia mbwa wangu dawa."

Sikusema kwamba alisema akicheka. Hilo niliacha kwa kujua. Nilikuwa na uchungu, nilitaka mtu wa kumwekea uchungu huo, na yeye alikuwa karibu.

Sikufikiri neno lingeweza kwenda mbio hivyo. Siku mbili hazijapita, wanawake wakaanza kulipita duka lake na kwenda kununua chumvi mbali. Mtu akarusha mawe kwenye bati lake. Kapita, ndiye mkuu wa kijiji chetu, akamwita aje kujibu Jumamosi. Wengine walisema afunge duka arudi kwa wakwe zake Kabambare, wakawe wanaosha birika pamoja. Alipopita barabarani aliniamkia kama kawaida: "Shemeji, habari ya asubuhi?" Niliitika nikitazama chini.

Jike nilimfunga kamba kwenye nguzo ya jiko. Alikuwa na mimba, tumbo limeanza kushuka. Nilijiambia huyu hafi. Hata kama nitamlinda kama mgonjwa, huyu hafi. Na ili asife nilihitaji kujua sumu inatoka wapi hasa. Jirani yangu nilimtaja, lakini mimi mwenyewe sikuwa nimeona kitu. Alhamisi asubuhi nikaanza kupita kila mahali ambapo dume wangu alipenda kupita: kisimani, nyuma ya kanisa, jalalani. Sikupata kitu. Nikashuka shambani.

Hapa lazima nieleze kazi yetu. Sisi wanawake kumi na mmoja tunalimiana kwa zamu; leo kwako, kesho kwangu. Wakati wa kupanda kalanga adui wetu wa kwanza ni panya. Anachimbua mbegu usiku huo huo, na mbegu ikishaliwa huna nyingine. Mwaka jana mchuuzi mmoja wa pikipiki alituletea dawa ya panya, chembe nyeusi. Mama mkuu wa kikundi chetu alitufundisha: twanga ndagala wakavu, wale samaki wadogo, changanya na dawa, funga kidogo kidogo ndani ya majani viwe vyambo, weka kwenye kingo za shamba jioni, na asubuhi mapema uje uviokote vilivyobaki kabla mbwa na kuku hawajatembea. Tulikubaliana wote kumi na mmoja. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa naweka vinne, kila pembe kimoja, na asubuhi navihesabu. Wanaume hatukuwaambia, maana wangesema tunaharibu panya wanaoliwa. Siku za kazi sikuwahi kukosa asubuhi hata moja, kwa hiyo mawazo yangu hayakuwahi kwenda upande huo.

Nilifika kwenye pembe ya kwanza nikakuta kifurushi changu, kimelowa umande. Pembe ya pili, kipo. Ya tatu, kipo. Ya nne, chini ya kisiki kilicho mpakani na shamba la mama mkuu, jani lilikuwa limepasuliwa kwa meno na ndani hamna kitu. Hatua kumi mbele, upande wake, kulikuwa na jani lingine limepasuliwa vilevile.

Nilikaa juu ya kisiki. Nilikuwa nimeviweka Jumamosi jioni. Jumapili alfajiri mama yule akafariki. Sikuja kuviokota Jumapili, sikuja Jumatatu, kwa sababu njia ilifungwa. Hata Jumanne na Jumatano sikuja, nilikuwa nazika mbwa wangu na kumtafutia mtu kosa. Vyambo vililala pale na mbwa walikuwa huru.

Sijui kama dume wangu alikula changu au cha mama mkuu. Nimejiuliza mara nyingi. Naandika kwamba sijui.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja shuleni. Nilimwomba mwalimu aniambie mbwa wake alikufa siku gani. Hakukumbuka tarehe, lakini alikumbuka kwamba siku ile shule ilifungwa. Akafungua daftari lake la mahudhurio, akapita kwa kidole, akafika kwenye ukurasa mtupu.

"Hii hapa. Tulizika yule muzee wa karibu na daraja."

"Na mbwa wawili wa mwindaji?"

Alifunua tena. Ukurasa mwingine mtupu. Siku ile tulizika mtoto mchanga wa fundi baiskeli.

"Mama, unatafuta nini?" akaniuliza.

"Nimeshapata," nikasema. "Jumamosi utasikia."

Nilimwendea mama mkuu kabla ya mtu mwingine, kwa sababu ya heshima. Alikuwa anamenya muhogo. Alinisikiliza bila kuacha kisu.

"Na weye unataka kusema nini kwa kapita?"

"Kwamba ni sisi."

"Sisi! Mukwetu, weye uko na akili? Yule mwindaji atatupiga mbele ya kijiji kizima. Dawa tutakatazwa, panya atakula mbegu, halafu watoto yako watakula nini? Mbwa?"

"Na jirani yangu?"

"Yule ni mwanaume, iko na duka. Zitapita siku chache, watu watasahau."

"Wanarusha mawe kwenye bati lake, mama."

"Bati inatengenezwa."

Nilimwambia Jumamosi nitasema. Kama hataki jina la kikundi, nitasema jina langu peke yake. Alitupa ganda la muhogo karibu na mguu wangu, hakuniaga.

Jumamosi watu walijaa mbele ya nyumba ya kapita. Jirani yangu alikuwa amevaa kanzu safi na ameketi peke yake kwenye benchi, nafasi kubwa kila upande. Kapita alipouliza nani anamshitaki, mwindaji alininyooshea mkono: "Huyu mama alisikia kwa masikio yake."

Nikasimama. Nilisema kwamba jirani yangu alisema neno lile akicheka, na mimi nililisema bila kicheko chake. Halafu nikasema juu ya ndagala, dawa, majani, pembe nne, na siku mbili za kilio. Nilisema, "Mimi niliweka." Sikutaja mwingine.

Mwindaji akainuka.

"Weye! Ulikaa kwangu barazani! Tulilia pamoja!"

"Nilikuwa sijui, baba."

"Ulikuwa hujui, lakini ya jirani ulijua! Marehemu mume wako angekuwa hai leo, angekufukuza weye, abakie na mbwa."

Watu wengine walicheka. Mimi sikuwa na hakika kwamba alikosea.

Ndipo jirani yangu akaomba ruhusa ya kusema. "Kapita, miye nilikuwa nashangaa tu jambo moja. Sasa tunasikia sumu ilikuwa ndani ya samaki. Samaki! Miye mwenyewe toka juma lililopita nakula sombe, majani ya muhogo, bila kitu. Kama ningekuwa na ndagala ningekula miye, mbwa ya shemeji angeipata wapi?"

Safari hii kapita mwenyewe alicheka. Lakini hakuna aliyesogea kuketi naye kwenye benchi.

Kapita aliamua nitoe kuku mmoja kwa mwindaji na mmoja kwa jirani. Kabla hajafunga kikao nikaomba neno tena. Nilisema kuku nitatoa leo hii, lakini kuku hawatamzuia mbwa wa tano. Dawa sitaweka tena, ila siwezi kusemea wenzangu. Kwa hiyo naomba mtu akifariki, kabla ya kuketi kilioni, wanawake waruhusiwe kwenda kuokota kilichowekwa. Wamama wazee walipiga makelele. Kuingia shambani maiti ikiwa ndani ya nyumba? Mbegu itakufa, na watoto nyuma yake. Kapita alisema hilo ni jambo kubwa, ataulizana na wazee. Mpaka leo hajasema waliulizana lini.

Siku ile jioni nilivuka barabara na jogoo mkononi. Nilimwambia shemeji yangu, "Nilikukosea kwa kujua." Alimpokea jogoo, akamwangalia miguu, akamwangalia kishungi.

"Huyu jogoo, mbwa hakumugusa?"

"Hakumgusa."

"Basi karibu chai."

Hatukuzungumza tena habari ile. Mwindaji yeye alipokea kuku wake kupitia kwa mke wake, na mpaka ninapoandika hajanisemesha.

Mwezi uliofuata, asubuhi moja, tulisikia kilio ng'ambo ya barabara. Mama mzazi wa jirani yangu alikuwa ameaga dunia. Waislamu hawachelewi kuzika. Ilikuwa lazima awe kaburini kabla ya jua kushuka. Mimi nilijua wenzangu wanne walikuwa wamepanda jana yake, na nilijua wameweka vyambo. Jike wangu alikuwa amefungwa, lakini alikuwa amekwisha kata kamba mara mbili majuma yale.

Nilivaa kitambaa changu cha kilio, nikaenda. Nilimkuta jirani mlangoni akipokea watu. Nilimpa pole, nikapiga goti, nikamwambia polepole, "Shemeji, mwenye kilio ni wewe. Naomba ruhusa niende mashambani kuokota ile sumu. Nitarudi kabla hamjambeba. Ukisema hapana, naketi."

Alitazama ndani, alikolazwa mama yake. Watu wawili nyuma yake walikuwa wamesikia.

"Mama yangu aliogopa mbwa maisha yake yote," akasema. "Lakini hakuua hata moja. Nenda."

Nilipita kijijini mchana kweupe kuelekea njia ya shambani. Mama mmoja mzee alisimama katikati ya njia na fimbo yake: "Unapeleka kifo wapi?" Nikamwambia, "Naenda kukitoa, nyanya. Mwenye maiti ameniruhusu." Nikamzunguka. Na mimi nililelewa na desturi ile, siidharau. Nilipofika bondeni nilisikia hatua nyuma yangu. Walikuwa wenzangu wawili wa kikundi. Nyuma yao kabisa, mikono kiunoni, alikuwa mama mkuu.

"Msisimame kama miti," alisema. "Weye pembe ya mutoni, na weye kule juu. Kwangu viko sita."

Tuliokota kumi na tisa. Tulivichimbia shimo refu kama mkono, tukanawa kwa majivu, tukarudi. Tulifika wakati wanaume wanainua jeneza.

Hakuna mbwa aliyekufa siku ile. Kalanga ziliota kama kawaida, nyingine vizuri, nyingine vibaya. Panya walikula zangu nyingi kwa sababu sikuweka tena dawa. Nilipanda mara ya pili kwa mbegu za kuombaomba. Kikundi hakikukubaliana. Saba waliacha dawa, wanne waliendelea.

Jike wangu alizaa mwezi ule wa kumi na moja, watoto watano, mmoja akafa. Watu walianza kuja kuwaomba. Niliwaambia wote sharti moja: kabla sijampa mtu mbwa, tutatembea pamoja shamba lake, kingo zote nne. Watatu walikubali, nikawapa. Mmoja alisema najifanya kapita, akaondoka.

Juma lililopita alikuja mama mkuu mwenyewe. Nyani wamemwingilia shambani, anahitaji mbwa. Alisema ameacha dawa tangu mwezi uliopita.

"Twende, basi," nikamwambia.

Nilimbeba mtoto wa mbwa wa mwisho, tukashuka bondeni. Tulitembea kingo tatu, hamna kitu. Kwenye ukingo wa nne, upande wa msitu, nikainama chini ya mti ulioanguka nikaona jani kavu limefungwa kwa uzi wa mgomba. Nililitoa kwa kijiti, nikaliweka mbele yake.

"Hiyo ni ya zamani," akasema. "Nilisahau."

"Najua umesahau, mama."

Alichimba shimo kwa jembe lake, akalifukia, akakanyaga udongo. Halafu akanyoosha mikono apokee mbwa. Nikamwambia atembee shamba lake tena peke yake, juma zima, kisha aniite tutembee wote wawili. Alisonya. Mimi nikamhamisha mtoto wa mbwa bega la pili, nikapanda naye kurudi nyumbani.